Samaki wa Mtu wa Kuja

"Nyamazeni! Nyamazeni basi, radiyo inasema kitu!"

Aliyepiga ukelele huo alikuwa Pontiani, fundi wa simu, ambaye pale kijiweni karibu na bandari ya Rumonge, kwenye Ziwa Tanganyika, anaitwa Ripota, kwa kuwa hakuna habari ya nchi hii inayoruhusiwa kulala kabla ya kupita kwake. Alikuwa ameibandika redio sikioni, jicho moja amelifumba. Wenzake wakanyamaza, wote isipokuwa Sikuzani mwenye banda la kahawa, ambaye hajawahi kunyamazishwa na mtu chini ya turubai lake mwenyewe.

"Inasema nini? Sema upesi, kahawa inapoa."

"Ziwa linafungwa tena! Wiki ijayo, miezi mitatu. Banasema samaki ipumuzike, izae, ilee batoto yake."

Kijiwe kikalipuka.

"Ipumuzike?" Huyo ni Zubeir, dereva wa moto, yaani pikipiki, anayeitwa Turbo kwa sababu huendesha polepole mpaka abiria huomba kushuka watembee. "Samaki imechoka na nini? Iko inabeba simenti? Mimi minakaa juu ya moto toka asubuhi, mugongo umekufa, Leta, hiyo serikali, haijanifungia hata saa moja nipumuzike!"

"Wewe ukifungiwa miezi mitatu utazaa nini?" Sikuzani akauliza, na kahawa za watu zikamwagika kwa vicheko.

"Mimi minakubali na Leta," akasema Mansuri, akijinyoosha. Huyu ndiye Kapiteni. Anauza mawese sokoni. Zamani alikuwa na mtumbwi, na tangu upasuke hajaloweka ziwani hata kisigino, lakini akilitaja ziwa utadhani alilichimba mwenyewe. "Acha balifunge. Wakati wetu sisi hapakuwa na mambo ya kutupa wavu. Ulikuwa unafungua mulango wa nyumba tu, sangala inaingia, inauliza sufuria iko wapi."

"Iliuliza kwa Kirundi ama kwa Kiswahili?" akadakia Ripota.

"Kwa heshima!"

Nuhu, fundi cherehani, alicheka pamoja nao mpaka machozi. Kisha akaona na yeye ana neno la kuongeza, tena neno zuri, alikuwa amelitafuna ulimini tangu redio iseme. Akafungua kinywa.

"Lakini mimi naona..."

Kapiteni akainua mkono, wala hakugeuka. "Bidoni, ngoja kidogo. Ubao uongee kwanza."

Nuhu akafunga kinywa. Neno lake zuri likarudi tumboni likiwa limepoa.

Mambo ya ubao huo yanataka maelezo. Kijiwe kizima kina benchi moja, nalo limetengenezwa kwa mbao za mtumbwi wa Kapiteni ule uliopasuka. Sheria yake, ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna anayethubutu kuivunja, ni kwamba mbao za ziwa hazikaliwi na mtu ambaye ziwa halimjui. Ukizaliwa Rumonge, unakaa. Ukija, unakaa siku utakayovua samaki mwenyewe: miguu ikiwa ufukweni, uzi mkononi, bila mtumbwi, bila kununua. Mpaka hapo unakalia bidoni, dumu tupu la mawese lililopinduliwa, na unaongea wenye ubao wakishamaliza. Nuhu alikuwa ametoka Muyinga kwenye vilima, akamwoa Raisa wa hapohapo mtaani, akafungua cherehani yake. Miaka minne bidoni lilikuwa limemchora duara la mafuta kwenye kila suruali aliyojishonea, na jina lilikuwa limeshamganda.

Sasa mtu anaweza kusema, benchi ni benchi, si kiti cha enzi. Nuhu naye alijiambia hivyo mwanzoni. Lakini watu wa ubao ndio huitwa kukiwa na jambo. Mama yake Sikuzani alipofariki, Nuhu alikuwa wa kwanza kufika makaburini na jembe begani. Kapiteni alimpokea lile jembe kwa upole, akampa Turbo. "Shemeji, wewe ni mugeni. Mugeni hachimbi. Kaa pale kivulini, utaletewa chakula." Na kweli chakula kililetwa, tena yeye akapakuliwa wa kwanza, nyama nono juu. Alikula pilau ile akiwatazama wanaume wenzake wakitoka jasho. Kule Muyinga wazazi wake walishatangulia mbele ya haki, kaka zake wakauza kiwanja, hana tena hata mgomba mmoja wa kuegemea. Raisa alikuwa na mimba kubwa. Mtoto akizaliwa na kuulizwa baba yake ni wa wapi, atajibu nini? Wa kwenye bidoni?

Na ziwa linafungwa wiki ijayo.

"Mimi naona," akasema Nuhu tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, "mnanionea! Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi huu mwaka wa nne, hata mpini sijaonyeshwa!"

Ripota akapunguza redio.

"Ni kweli," akasema Sikuzani. "Munamuonea shemeji."

"Nani anamuonea?" Kapiteni akapandisha nyusi. "Ziwa liko pale, halina mulango. Aende avue. Si alivua ile siku? Bidoni, tuambie tena, ile siku ulivua nini?"

Hapo Nuhu alitamani ardhi ipasuke. Mwaka uliotangulia, kwa kuchoka na bidoni, alikuwa amekwenda Magara, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, asubuhi, akanunua samaki watatu aina ya mukeke kwa wavuvi wa usiku, akawatunga kwenye ukindu na kuja nao kijiweni akitembea kifua mbele.

"Mukeke!" Turbo alikuwa ameshaanza kujipiga mapaja. "Eti ameivua akiwa ufukweni! Saa tatu ya asubuhi! Na viatu iko imevaa!"

"Mukeke inakaa katikati huko, kwenye maji meusi, inafuata taa," Ripota akafafanua, kana kwamba kuna mtu asiyejua. "Kusema umeivua ufukweni ni kusema umekuta nyani ndani ya benki."

"Tena anahesabu makuta," akamalizia Kapiteni. Akakunywa kahawa yake mpaka mwisho, akafuta masharubu. "Sikiliza, kijana wangu. Mimi sina roho mbaya. Ziwa likiwa bado wazi, vua. Samaki yoyote, hata iwe kama kidole. Lakini ivuliwe na wewe. Ukivua, mimi mwenyewe nitasogea ukae. Usipovua, tuonane ziwa likifunguliwa."

"Nitavua," akasema Nuhu.

"Kwa chambo gani?"

Swali hilo lilikuwa kosa, maana lilifungua chuo kikuu.

"Munyoo," akasema Turbo. "Munyoo ya chini ya mugomba. Siyo ya chini ya muembe, ile iko chungu."

"Wewe umeionja?" akauliza Sikuzani.

"Banasema!"

"Achana na munyoo," akasema Ripota. "Mimi mu simu yangu nimeona mutu wa Ulaya, anatupa kisamaki cha plastiki, anavuta, anatupa, anavuta. Halafu akiipata anaibusu, anairudisha mu maji."

"Anaibusu?" Kapiteni akatema mate pembeni. "Hao watu ziwa lao lilaaniwe. Sikiliza mimi. Ugali wa muhogo. Unaufinyanga mudogomudogo, unaupaka mawese. Lakini siyo mawese yoyote."

"Mawese yake," wakasema wote kwa pamoja.

"Yangu, ndiyo! Samaki ya Rumonge imekulia kwenye harufu ya mawese, itaacha kwao iende wapi? Na ukienda, usisalimie mutu njiani. Hata mutu akikuambia amahoro, pita. Ukiitika, samaki imesikia, imejua unakuja."

"Mimi baba yangu alikuwa anaimba," akapinga Turbo.

"Na alikuwa anapata?"

"Alikuwa anaimba vizuri."

Sikuzani akamwinamia Nuhu wakati wa kumrudishia chenji ya kahawa, akamnong'oneza: "Shemeji, hakuna hata mumoja hapa ameshika samaki kama haijakaangwa. Usiwafuate sana."

Siku zilizofuata, kijiwe kilihamia nusu yake ufukweni kumtazama Nuhu akijifunza. Turbo alimpa buji, plagi kuukuu ya moto, iwe uzito wa kuzamisha uzi. Ripota alimpa ndoano zilizokuwa zikikaa kwenye boksi la betri. Nuhu alizungusha uzi juu ya kichwa kama alivyoona wavulana wa ufuko ule wakifanya, akaachia.

Mara ya kwanza buji ilikwenda nyuma badala ya mbele, ikamvua Turbo kaske, kofia yake ya pikipiki, kichwani.

"Umepata!" akapiga kelele Ripota. "Ni kubwa lakini haina ubongo!"

Mara ya pili ndoano ilinasa kitenge cha Sikuzani kwenye kamba ya kuanikia, na Nuhu akakikokota mpaka majini akidhani amepata sangala. Alikishona bila malipo, na akaombwa akishone tena kwa sababu mara ya kwanza, kwa aibu, alikuwa ameshona upogo.

Mara ya tatu, uzi ulikwenda mbele. Ukazama. Ukavutwa. Watu wakasimama. Nuhu akavuta, na kutoka kwenye maji ya Tanganyika kikatoka kiatu, kandambili ya mguu wa kushoto.

Kapiteni akakisogelea, akakigeuza kwa fimbo.

"Hicho ni changu," akasema kwa uzito. "Kilipotea siku mutumbwi umepasuka. Murakoze, asante, kijana wangu. Mungu akubariki."

"Kwa hiyo nikae ubaoni?"

"Kwa kandambili? Oya, hapana! Labda tukupe nusu ya matako."

Nyumbani Raisa alicheka mpaka akalishika tumbo lake kwa mikono miwili akihofia mtoto. Kisha akamwona mumewe hacheki, akaketi kando yake.

"Baba we, nenda mbali na hao," akasema. "Wakikutazama mkono unakuwa mgumu. Wewe hata kushona, mteja akikusimamia unakosea. Nenda Magara, kwenye mawe. Peke yako."

Akaenda. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya ziwa kufungwa. Alipanda basi dogo la asubuhi na ugali wake wa muhogo uliofinyangwa, umepakwa mawese ya Kapiteni, umefungwa kwenye jani la mgomba. Njiani watu watatu walimwambia amahoro na hakuitika hata mmoja, wakamwona mtu asiye na adabu. Alipofika Magara wavuvi wa usiku walikuwa wameshauza, wanawake wanatandaza ndagala, dagaa wa ziwa hilo, juani, na hakuna aliyemjali. Akaweka jani lake juu ya jiwe, akainama kufungua uzi uliojikunja. Alipoinuka, mbuzi alikuwa anamalizia jani.

Nuhu alikaa chini. Mbuzi alimtazama, midomo yake myekundu kwa mawese, akaondoka bila wasiwasi.

Basi ndivyo kazi ya miaka minne inavyokwenda, akawaza, tumboni mwa mbuzi. Aliona uchungu wa kweli, ule wa kubana pua. Akatia mkono mfukoni kutafuta leso, akatoa kipande cha satini ya rangi ya fedha kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja wa Bugarama. Kiling'aa juani. Fundi hakosi mkasi mdogo. Akakikata kama kisamaki, tumbo hapa, mkia pale, akakidunga kwenye ndoano, akatupa pembeni mwa mawe kwenye maji ya kina kifupi, bila tumaini lolote. Na kwa vile hakuna Kapiteni wa kumwelekeza, mikono yake ikafanya inachokijua: ikavuta uzi kidogo, ikaacha, ikavuta, ikaacha, kama mtu anayekusanya marinda ya sketi.

Kitu kikaupiga ule uzi nusura kimng'oe kidole.

Hakupiga kelele. Baadaye alishangaa kwa nini hakupiga kelele. Alivuta kwa mikono miwili, akateleza, akaingia majini na viatu, akavuta, na kuhe, yule samaki mkubwa wa kusifiwa ziwani, akatoka akimwaga maji, mwili wa manjano kama dhahabu na madoa meusi ubavuni, anafungua na kufunga mdomo kwa hasira. Nuhu akamkumbatia kifuani. Samaki wake. Wake! Si wa kununua! Alicheka peke yake, akamwita kwa majina mazuri, akavua futi kamba shingoni akampima kichwa mpaka mkia, maana mikono ya fundi haiwezi kushika kitu bila kukipima.

Ndipo akatazama chini, pale alipokuwa amesimama. Maji yalikuwa na ukungu, na ukungu ulikuwa unatembea. Vilikuwa vitoto vya samaki, vingi mno, vidogo kama punje za mtama, vimejikusanya mahali pamoja havijui pa kwenda. Kuhe mwingine alikuwa anavizunguka mbio, mara huku mara kule, na samaki wadogo wa kwenye mawe walikuwa wameshaanza kuvidokoa kwa pembeni. Mmoja hakutosha kulinda. Walihitajika wawili.

"Hapana," Nuhu akasema kwa sauti. "Hapana, hapana. Mimi nisikuone."

Lakini alikuwa ameshaona.

Kijiwe kilikuwa kimejaa alipofika, kahawa ya mchana ndiyo inamiminwa. Suruali yake ilikuwa mbichi mpaka kiunoni, kiatu kimoja kinalia. Mikono mitupu.

"Karibu, Bidoni!" Kapiteni akaita. "Kiti chako kiko pale kinakungojea, hakijasogea."

"Nimevua," akasema Nuhu.

"Kandambili ya kulia?"

"Kuhe."

Ubao mzima ukageuka. Kuhe si jina la kuchezea. Ripota akazima redio kabisa, jambo ambalo halijawahi kutokea hata siku ya uchaguzi.

"Iko wapi?"

"Nimemrudisha."

Kicheko kilichofuata kiliwatoa wachuuzi wa barabarani kwenye vibanda vyao. Turbo alianguka kutoka ubaoni, akabaki chini huko anapiga ardhi na kiganja. Ripota aliuliza kama alimbusu kwanza.

"Sawa, sawa," akasema Kapiteni akijifuta macho. "Tumusikilize. Ilikuwa kubwa namna gani?"

"Sentimita arobaini na tatu."

Kicheko kikakatika ghafla. Wakatazamana.

"Arobaini na tatu?" akauliza Turbo akiwa bado chini.

"Na tatu. Nilimpima."

"Ulimupima samaki?"

"Mimi fundi! Nipime nini, maji?"

Turbo akainuka, akajipangusa vumbi, uso wake umebadilika. "Jamani, hii ni kweli. Nani anadanganya samaki ya arobaini na tatu? Mutu akiamua kudanganya, anadanganya metere! Anadanganya metere mbili! Hakuna mutu anatafuta dhambi kwa arobaini na tatu."

"Wapi!" akapinga Ripota. "Muongo mukubwa njo anataja namba kamili. Kila siku radiyo inatuambia maisha imepanda kuwa nzuri asilimia fulani na nukta fulani. Umeshaiona hiyo nukta kwenye sahani yako?"

"Acha radiyo! Tunaongea samaki!"

"Na huyu njo yule wa mukeke! Alitudanganya na samaki mukononi, atatuambia ukweli bila samaki?"

Kapiteni akainua mkono. "Tuseme ni kweli. Mimi minaweza kusema ni kweli. Lakini hapo amejimaliza mwenyewe. Mutu wa Rumonge anarudisha samaki mu ziwa? Tangu lini? Hata mutu wa Kabezi hafanyi hivyo. Kijana wangu, kwa nini?"

"Alikuwa na watoto," akasema Nuhu. "Wengi. Walibaki hawajui waende wapi. Redio si ilisema waachwe walee?"

"Radiyo ilisema kesho!" akafoka Ripota. "Kesho njo likizo! Leo samaki ilikuwa iko kazini!"

Hapo Nuhu akachoka. Hakuchoka mwili tu, alichoka na miaka yote minne kwa mpigo.

"Basi sikilizeni," akasema. "Nilipomshika nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, Raisa anisamehe. Nikawaza, leo nimekuwa mtu wa hapa. Halafu nikaviona vile vitoto, nikamwona Raisa na tumbo lake, nikajiona mimi, mtu aliyebaki bila kwao. Mkono ukakataa. Kama ubao wenu unataka nimuue mzazi mbele ya watoto wake ndiyo nikae, kaeni wenyewe. Nitakalia bidoni mpaka nife, na mkinizika mnizike nalo."

Akalivuta bidoni lake, akalikalia kwa kishindo, akageukia upande mwingine. Kapiteni akatazama ndani ya kikombe chake kitupu kama vile kuna kitu kimeandikwa mle. Sikuzani, ambaye hanyamazi, alinyamaza.

Sijui wangekaa hivyo mpaka lini, kama basi la Magara lisingesimama barabarani na kumtema Speciosa, mchuuzi wa ndagala anayeuza sokoni hapo Rumonge, beseni kichwani, sauti ikiwa imeshatangulia kushuka.

"Iko wapi? Iko wapi ile mutu fupi ya cherehani? Wallahi leo mimi na yeye!" Speciosa ni Mkatoliki wa kila Jumapili, lakini akikasirika huapa kwa dini zote. "Ninyi watu wa hapa, mumemulisha nini huyu mutu?"

"Mama Speciosa, pole, amefanya nini?" Sikuzani akampokea beseni.

"Amefanya nini? Niko ninatandaza ndagala yangu, ninamuona huyu pale kwenye mawe anavuta kitambaa. Ninasema masikini, amerukwa na akili, bibi yake ana mimba. Mara ninaona kuhe! Mama wee! Kuhe kubwa kama mutoto wa darasa la pili! Ameikumbatia, anaipima kama anataka kuishonea suti, anaongea nayo maneno ya mapenzi! Minakimbia na sufuria yangu, nimwambie sha, nusu yako nusu yangu. Kabla sijafika, ameiweka mu maji pole pole kama anamulaza kitandani! Nikaita, Ewe! Ewe wee! Hajasikia!"

Ubao ulikuwa umesimama wote.

"Kama mutoto wa darasa la pili?" akauliza Turbo kwa sauti ndogo.

"La tatu! Tena yule amerudia darasa!"

"Kwa hiyo ni kweli," akasema Ripota.

"Kweli nini? Nimekosa chakula cha watu kumi, munaniuliza kweli!"

Kilichofuata kilikuwa aibu tupu. Turbo akakumbuka kwamba ile buji ilikuwa yake, na kwamba buji hiyo tangu zamani ilikuwa na bahati. Ripota akakumbusha kila mtu ni nani aliyesema habari za kuvutavuta uzi kama Mzungu. Sikuzani akadai kwamba yeye tangu mwanzo alisema. Kapiteni aliwangoja wote wamalize, kisha akakohoa.

"Ilikuwa mawese," akasema. "Tusidanganyane."

"Mawese yako yaliliwa na mbuzi," akasema Nuhu bila kugeuka.

"Na huyo mbuzi alikuwaje?"

"Alifurahi."

"Basi!" Kapiteni akawageukia wenzake kwa ushindi. "Mumesikia wenyewe." Kisha akainama, akamshika Nuhu chini ya kwapa, akamwinua kutoka kwenye bidoni. Mzee yule mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ilivyoonekana. "Sogeeni. Turbo, sogea, una matako ya nini, wewe unakalia moto kutwa. Kaa hapa, Nuhu."

Alimwita Nuhu. Raisa alipoambiwa hilo jioni aliuliza mara mbili.

Ubao ulikuwa mgumu, una msumari mmoja uliochomoza pale katikati ambao wenyeji wote wanaujua na hawamwambii mtu. Nuhu aliketi juu ya msumari huo barabara. Macho yalimjaa, akasingizia moshi wa jiko la Sikuzani. Akapewa kahawa. Hakupewa wa kwanza. Alipewa wa mwisho kabisa, baada ya Turbo, kikombe hakijajaa vizuri, na hajawahi kunywa kahawa tamu kama ile.

Habari ikashika njia. Kabla ya alasiri kuhe alikuwa amevuka metere moja. Msukuma mkokoteni aliyepita na magunia yake alisimamisha mzigo, akauliza kama ni huyu. Akaambiwa ni huyu. Akamsogelea Nuhu, akamtazama juu mpaka chini, mtu mfupi mwenye viatu vibichi.

"Muzee, banasema uliivua peke yako, ikawa kama mutoto wa darasa la tatu. Mama Speciosa njo anasema. Ni vile kweli?"

Ubao wote ukamgeukia Nuhu. Nuhu akafungua kinywa aseme arobaini na tatu, akawatazama wenzake kushoto na kulia, bega kwa bega, na kahawa mkononi.

"Mama Speciosa ni mtu wa kanisa," akajibu taratibu. "Amepunguza."